Bei ya dagaa inatumwa WhatsApp kwa mtu mmoja, jioni mshindani anaijua. Inavujia wapi?

#1 Kibirizi_Sokoni
Wakuu salaam. Wenye uelewa wa simu naomba tulichambue hili.

Kuna mfanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma, ananunua Kibirizi na kupakia kwenye treni kwenda Tabora. Mnunuzi wake kule ni mmoja. Bei ya kila mzigo anaituma WhatsApp asubuhi, siku nyingine kwa maandishi, siku nyingine anapiga picha karatasi ya hesabu. Jua halijazama, muuzaji mwingine anampigia yule mnunuzi na kumtajia bei iliyo chini yake kidogo tu, na idadi ya magunia anaijua. Imeshajirudia mno, siyo bahati.

Muuzaji anatumia Tecno, mnunuzi ana Samsung ya A. Laini ni zilezile za miaka yote, hakuna simu iliyoibiwa. WhatsApp yenyewe inatuambia jumbe zimesimbwa mwanzo hadi mwisho, hakuna mtu wa kati anayezisoma. Mimi nasema ama hayo maandishi ni uongo, ama kuna tundu hatulioni. Lipo wapi?

#2 Fundi_Isevya
Siyo uongo mkuu, ila watu wanayasoma zaidi ya yanavyosema. Usimbaji huo, ambao WhatsApp iliuweka kwa watumiaji wote Aprili 2016 kwa kutumia itifaki ya Signal, unalinda ujumbe ukiwa njiani. Mtoa huduma wa laini hausomi, mwenye WiFi hausomi, hata seva ya WhatsApp haiusomi. Ukishafika kwenye simu unafunguliwa na kuwa maandishi ya kawaida. Hapo chochote chenye ruhusa ya kuona skrini, kusoma arifa, au kilichounganishwa na akaunti, kinaona unachoona wewe.

Kwa hiyo usitafute njiani, tafuta kwenye ncha mbili. Anza na hili: fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu juu kulia, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha ya kila kompyuta au simu iliyounganishwa na lini ilitumika mwisho. Akaunti moja inabeba hadi vifaa vinne vya nyongeza, na vinafanya kazi hata simu kuu ikiwa imezimwa.

#3 Dogo_Ujiji
Mnazunguka bure. Facebook waliinunua WhatsApp 2014, na 2021 wakatulazimisha kukubali sera mpya. Data zinauzwa. Mwenye hela anazinunua.

#4 Kasulu_Data
Dogo, punguza kasi. Sera ile ya 2021 (tarehe ya kwanza ilikuwa 8 Februari, kelele zikazidi, wakaisogeza hadi 15 Mei) ilihusu zaidi mazungumzo na akaunti za biashara na taarifa zinazopelekwa kwa kampuni mama: namba yako, aina ya simu, anwani ya IP, unavyotumia programu. Hilo nami silipendi, na lina madhara yake. Lakini siyo maandishi ya ujumbe. Muuzaji wa dagaa hawezi kwenda kwa Meta (jina la sasa la kampuni ya Facebook) akanunua bei ya gunia la leo. Tukimtupia lawama aliye mbali, aliye karibu anaendelea kusoma.

#5 Mama_Gungu
Ulizeni kitu kimoja: huyo muuzaji anachapisha wapi karatasi zake?

Stesheneri nyingi hapa mjini, ukitaka kuprinti kitu kilichopo WhatsApp, kijana anakwambia "fungua WhatsApp Web". Unaskani ile alama, faili linashuka, linachapishwa, unalipa, unaondoka. Akaunti inabaki wazi kwenye kompyuta ya dukani. Anayekaa pale baada yako anasoma kila unachopokea na kila unachotuma, na simu yako haibadiliki chochote.

#6 Fundi_Isevya
Mama_Gungu umegusa penyewe. Niongeze mawili.

Simu kuu ikikaa siku 14 bila kutumika, vifaa vilivyounganishwa vinajitoa. Lakini nani hafungui WhatsApp siku 14? Mtu anayetumia simu yake kila siku ndiye anayeiacha ile ya stesheneri hai, bila kujua.

La pili, ukikitoa kifaa kutoka kwenye simu, mazungumzo yanafungwa kule, ila faili lililokwisha shushwa linabaki kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta. Kwa hiyo siku nyingine usiunganishe kabisa. Mtumie kijana wa stesheneri faili kwenye namba yao, au beba flashi yenye kichwa cha OTG, nakili faili kutoka kwenye simu, uchapishe. Kabla hujaondoka simama nyuma yake ulione linafutwa, na pipa la taka la kompyuta limwagwe.

#7 Urambo_1
Dawa ni moja: uthibitishaji wa hatua mbili. Mipangilio, Akaunti, weka PIN ya tarakimu sita. Kwisha habari.

#8 Kasulu_Data
Urambo_1, PIN hiyo kila mtu aiweke, lakini haizibi tundu hili. Inaulizwa pale mtu anapojaribu kusajili namba yako upya kwenye simu nyingine. Kuunganisha kompyuta hakuiulizi. Kinachozuia kuunganisha ni loki ya simu yenyewe: kama simu ina alama ya kidole au namba ya siri, WhatsApp inaidai kabla ya kuskani. Simu isiyo na loki, ukiiacha mezani dakika moja inatosha.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kuskani. Mtu anaandika namba yako kwenye kompyuta yake, inatoka kodi ya herufi na tarakimu nane, kisha anakubembeleza uiingize kwenye simu yako kwa kisingizio cha kura au zawadi. Ukiingiza, umemuunganisha kwa mkono wako.

Na hii kesi siyo ya kuibiwa akaunti kwa kusajili upya. Ingekuwa hivyo, WhatsApp ya mhusika ingetoka kwenye simu yake. Muuzaji anaendelea kutuma kila asubuhi kama kawaida.

#9 Nzega_Mjini
Mimi naona Gmail. Watu wetu wengi wananunua simu, muuzaji wa duka ndiye anawafungulia Gmail, pasiwedi anaijua yeye. Bakapu ya WhatsApp inakwenda Google Drive ya Gmail hiyo. Kwa hiyo mwenye pasiwedi ana chati zote.

#10 Kasulu_Data
Nusu sahihi. Bakapu ya WhatsApp kwenye Drive haifunguki kama faili la kawaida. Ukiingia kwa kompyuta unaona kwamba ipo na ukubwa wake, basi. Kuirudisha kunataka uthibitishe namba ya simu kwa kodi ya SMS. Tangu 2021 pia kuna chaguo la kuisimba bakapu yenyewe kwa pasiwedi yako au ufunguo wa tarakimu 64. Liwashwe: Mipangilio, Chati, Hifadhi ya chati. Ila ukisahau pasiwedi hiyo na simu imepotea, hakuna wa kukusaidia, WhatsApp wenyewe hawana nakala.

Hatari ya Gmail ipo kwingine. Kibirizi_Sokoni amesema siku nyingine inatumwa picha ya karatasi. Kama Google Photos imewashwa kuhifadhi, kila picha inayopigwa na kamera inapanda juu yenyewe, na folda ya picha za WhatsApp nayo ikiwa imechaguliwa, na zile za kutumiwa zinapanda. Mwenye pasiwedi ya Gmail anaweza kuzifungua kwenye kivinjari, na kama akaunti haina uthibitishaji wa hatua mbili, mara nyingi hahitaji namba wala kodi. Karatasi ya hesabu ipo pale, na tarehe yake.

Angalia hivi: Mipangilio ya simu, Google, Dhibiti akaunti yako, Usalama, Vifaa vyako. Simu usiyoijua, itoe. Kisha badilisha pasiwedi, na uhakikishe namba ya kurejesha akaunti ni yako, siyo ya duka. Wengi wanabadilisha pasiwedi na kuacha namba ya mwenye duka, naye anairudisha akaunti akitaka.

#11 Uvinza_Chumvi
Je, hiyo WhatsApp ni ya kweli? Nusu ya simu ninazoziona zina GB, yaani GBWhatsApp, nakala iliyobadilishwa na watu wasio WhatsApp wenyewe. Hakuna GB kwenye Play Store, inagawiwa kwa Bluetooth na viungo tu. Usimbaji unaishia ndani ya programu, na programu hiyo hujui kaiandika nani. Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta kirusi cha Triada ndani ya FMWhatsApp, nakala nyingine kama GB, mwaka 2021, na 2022 wakakuta YoWhatsApp iliyobadilishwa inachukua funguo za akaunti.

Kuhakiki: shikilia alama ya WhatsApp, gusa maelezo ya programu, shuka chini kabisa. Iliyotoka Play Store inaandika kwamba imesakinishwa kutoka huko.

#12 Tumbaku_Sikonge
Uvinza_Chumvi yuko sawa, ila mbaya zaidi ni zile programu za kuona jumbe zilizofutwa. Hizo zipo Play Store, watu wanazishusha wenyewe kwa hamu ya kujua mwenzake kafuta nini. Zinafanyaje kazi? Zinaomba ruhusa ya kusoma arifa. Ujumbe ukiingia, arifa inatokea, programu inaunakili papo hapo. Mtumaji akifuta, nakala ipo. Lakini ruhusa hiyo haichagui: inasoma arifa zote, za WhatsApp, za SMS, za benki, za pesa ya simu.

Mipangilio, Programu, Ruhusa maalumu, Ufikiaji wa arifa. Kilichowashwa humo usichokijua, zima. Kisha nenda Ufikivu, tazama programu zilizosakinishwa. Yenye ruhusa ya Ufikivu inasoma skrini nzima na inaweza hata kubonyeza kwa niaba yako.

#13 Kanyenye_Wakala
Wataalamu mmejaa simu mkasahau binadamu. Mnunuzi analipa kwa wakala. Wakala anaona kiasi. Wapagazi wa stesheni wanahesabu magunia. Tuseme magunia 12, malipo 3,600,000: kila gunia 300,000. Hesabu hiyo haihitaji kudukua chochote. Na meseji ya muamala ni SMS, haijasimbwa kama WhatsApp, inakaa kwenye simu ya wakala wazi.

#14 Kibirizi_Sokoni
Kanyenye hoja nzuri, lakini mshindani anajua bei kabla malipo hayajafanyika. Mara nyingi mzigo haujafika hata Uvinza.

#15 Buhigwe_Mpakani
Huku kwetu simu inajishikia mtandao wa Burundi yenyewe. Haiwezi kuwa data inapita kule?

#16 Fundi_Isevya
Inaweza kupita, na bando la kule litakukata hela, kwa hiyo zima kuchagua mtandao kiotomatiki. Ila ujumbe uliosimbwa haujali umepita mnara wa nchi gani.

#17 Dogo_Ujiji
Basi wahamie Telegram, kule hakuna Meta.

#18 Kasulu_Data
Dogo leo umeamka na mashambulizi tu, hakuna ulinzi. Telegram chati ya kawaida haijasimbwa mwanzo hadi mwisho, inakaa kwenye seva zao. Iliyosimbwa ni ile ya siri pekee, lazima uianzishe mwenyewe kwa kila mtu, na makundi hayana kabisa. Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya Pavel Durov kukamatwa Ufaransa, walisema watatoa namba na IP za wahalifu kwa maombi halali ya kisheria. Anayetaka kuhama kwa sababu ya siri aende Signal, programu ya jumbe inayosimba chati zote. Lakini hata Signal haitamsaidia kama simu ya upande wa pili inasoma arifa.

#19 Kibirizi_Sokoni
Mrejesho. Mhusika amefungua orodha kama Fundi alivyoelekeza. Kuna kifaa kimoja: Google Chrome, Windows. Kilitumika mwisho jana saa nne usiku. Anakumbuka aliwahi kuchapisha stesheneri moja Mwanga. WhatsApp ni ya Play Store. Gmail alifunguliwa dukani, pasiwedi haijui.

Stesheneri hufunga jioni. Saa nne usiku nani alikuwa pale? Mimi naona mwizi tumempata.

#20 Mama_Gungu
Usimhukumu mtu kwa saa hiyo. Kompyuta ikiachwa inawaka na ukurasa uko wazi, inaendelea kuwasiliana yenyewe na saa inasogea. Inaonyesha kifaa kilikuwa hewani, haionyeshi macho ya mtu.

#21 Tumbaku_Sikonge
Kabla hajakitoa, apige skrinishoti ya orodha, jina la kifaa na saa vionekane. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4 kinahusu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, cha 6 kuingilia mawasiliano. Ukifuta ushahidi kwanza, polisi utawapelekea maneno. Na kama ni duka linalotunza taarifa za wateja ovyo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

#22 Fundi_Isevya
Akishapiga skrinishoti, akitoe kifaa, abadilishe pasiwedi ya Gmail, aweke loki. Kisha apime kwa chambo. Bei moja ya uongo kwa maandishi, nyingine ya uongo ndani ya picha, na ya kweli aiseme kwa mdomo kwa kupiga simu. Zote tatu zitofautiane kwa kiasi kisicho cha kawaida, siyo namba nzima nzima. Mshindani atakayoitaja ndiyo itatuambia njia.

#23 Nzega_Mjini
Mnunuzi aambiwe kabla, au asiambiwe? Maana anayefaidika na mshindani kushusha bei ni mnunuzi mwenyewe. Anaweza kuwa ndiye anayemwambia "mwenzako kanipa kiasi hiki, wewe je?" Hiyo ni biashara, haina kosa la simu.

#24 Kanyenye_Wakala
Nzega umesema nililokuwa nalizunguka.

#25 Kibirizi_Sokoni
Ameambiwa, kwa sababu muuzaji hataki kupoteza mteja kwa bei ya uongo. Majibu haya hapa. Kifaa kilishatolewa, Gmail imebadilishwa, wiki hii mzigo umekwenda. Mshindani kapiga simu kama kawaida, kataja bei iliyo chini kidogo ya ile ya maandishi. Ya kwenye picha haikuguswa. Ya mdomo haikuguswa.

#26 Fundi_Isevya
Hapo pamekuwa patamu. Tazameni: kifaa kilichounganishwa kingeona maandishi na picha pia. Google Photos ingeona picha bila maandishi. Kilichoona maandishi bila picha kinafanana na arifa, kwa sababu arifa ya picha isiyo na maelezo inaandika "Picha" tu. Na ujumbe unaoutuma mwenyewe hautokei kama arifa kwenye simu yako. Kwa hiyo tundu liko kwenye Samsung ya Tabora, siyo kwenye Tecno ya Kigoma.

#27 Uvinza_Chumvi
Au yupo mtu aliyeona maandishi akaona uvivu kufungua picha. Usiache kushuku kifaa kilichounganishwa upande wa mnunuzi. Orodha yake haijakaguliwa.

#28 Mama_Gungu
Au kijana wa dukani kwa mnunuzi. Simu ya biashara inakaa kaunta inachaji, skrini inawaka, ujumbe unasomeka bila kugusa chochote. Mnunuzi aliambiwa habari ya chambo, kijana hakuambiwa.

#29 Nzega_Mjini
Mimi bado namshuku mnunuzi. Kuambiwa hakumzuii kuitaja bei ya uongo, na hiyo ingemwonyesha msafi.

#30 Tumbaku_Sikonge
Kutenganisha kijana na programu inawezekana. Mnunuzi aende Mipangilio, Arifa, Arifa za skrini iliyofungwa, achague kuficha maudhui. Macho ya kaunta hayataona tena, lakini programu yenye ruhusa ya arifa itaendelea kusoma, kwa sababu maudhui yanaifikia yote. Asifunge chati kwa loki ya WhatsApp kwanza, maana hiyo inaficha maneno kwenye arifa kwa wote wawili na hatutajua ni yupi. Asizime pia ruhusa za arifa hadi mzigo unaofuata upite. Apige tu skrinishoti ya orodha ya zilizowashwa, na ya vifaa vilivyounganishwa ili hoja ya Uvinza nayo ijibiwe.

#31 Kasulu_Data
Naunga mkono, na chambo cha maandishi kibadilike, kisiwe kilekile. Ila sikubaliani na kuacha simu ya watu ikisomwa wiki nzima kwa ajili ya jaribio. Arifa za benki zinapita humohumo. Ningeizima leo.

#32 Tumbaku_Sikonge
Azime arifa za benki na pesa ya simu kwa muda, aache za WhatsApp pekee. Mipangilio, Arifa, Arifa za programu. Salio aangalie kwa menyu ya kawaida.

#33 Kibirizi_Sokoni
Asanteni. Mnunuzi hataki kumkabidhi mtu simu, anataka kuelekezwa kwa kupigiwa. Mzigo unaofuata unapakiwa Alhamisi.

#34 Fundi_Isevya
Ana haki ya kukataa. Muulize Samsung yake ni Android ya ngapi: Mipangilio, Kuhusu simu, Maelezo ya programu. Ufikiaji wa arifa unahama mahali kila toleo, nisije nikampeleka kusikokuwepo.